Wapigaji Wanawake Wasisahauliwe

Kila zinaposimuliwa habari za mwanzo wa muziki wa jazi huko Marekani, mwanamke aghalabu hutajwa kuwa mwimbaji tu. Hii ni dhulma, kwani walikuwapo wanawake waliozipiga ala kwa ustadi mkubwa.

Tuchukue mfano wa Lil Hardin, mzaliwa wa Memphis. Mwaka 1923, bendi ya King Oliver iliporekodi santuri zake za kwanza mjini Richmond, Indiana, piano ilikuwa mikononi mwake. Kuanzia mwaka 1925 alipiga piano katika Hot Five, kikundi cha mumewe, Louis Armstrong, na baadhi ya nyimbo alizitunga mwenyewe. Hata hivyo, wengi humtaja kwanza kuwa ni mke wa Armstrong.

Wala hakuwa peke yake. Lovie Austin aliongoza bendi yake Chicago katika miaka ya 1920. Valaida Snow alifika Ulaya na Asia na tarumbeta yake. Mwaka 1937 shule ya Piney Woods, Mississippi, iliunda bendi ya wasichana, International Sweethearts of Rhythm.

Walisahauliwaje? Piano ilihesabiwa kuwa ala ya nyumbani, inayomstahili mwanamke. Tarumbeta na ngoma zikaitwa za wanaume. Bendi za wanawake zilirekodiwa kwa nadra. Na santuri ilipochapishwa, aghalabu ilibeba jina la kiongozi wa bendi au mwimbaji, wapigaji wasitajwe. Waandishi wa historia wakayafuata majina waliyoyakuta.

Sisi wa visiwani tuna la kujifunza hapa. Katika taarab yetu, kwa miaka mingi, mwanamke aliimba na ala zikashikwa na wanaume. Kundi la Tausi, lililoanzishwa Unguja mwaka 2009, lilionyesha kwamba fidla, udi na ganuni havichagui mkono.

Kwa hiyo tunawaomba wahusika wa utamaduni na utangazaji wahakikishe kwamba kila wimbo unaorekodiwa unaandikiwa majina ya wapigaji wote na ala zao. Kadhalika, wazee wanaozijua kanda za zamani waulizwe mapema, wangali hai. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Yahitaji kalamu, daftari na nia njema. Tusipoifanya leo, wajukuu wetu watausikia mlio wa ganuni wasimjue aliyeipiga.