Makao ya Watoto Yaanze na Kuku Kumi

Makao ya watoto yatima yanayotegemea misaada peke yake huishi kwa mashaka. Mfadhili akichoka, jiko hulala baridi. Kwa sababu hiyo, wazo la makao ya namna hiyo huko Nachingwea na Ruangwa kufuga kuku ili yajitegemee linastahili kuungwa mkono. Swali ni moja: yaanzeje?

Jibu limo katika historia ya Nachingwea yenyewe. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga hapo, Kongwa na Urambo. Zilitumika pauni zaidi ya milioni 35, na mwaka 1951 mradi ukaachwa. Matrekta yalitangulia, ujuzi wa udongo na mvua ukafuata nyuma. Tusirudie kosa hilo kwa kujenga mabanda ya fahari na kuyajaza kuku wa kisasa, ambao chakula chao chote ni cha kununua.

Yafaa kuanza na mitetea 10 ya kienyeji na jogoo mmoja. Hawa hujitafutia sehemu ya chakula chao. Mchwa, pumba za mahindi na mashudu ya ufuta huongezea. Adui wao mkubwa ni mdondo, uitwao pia kideri, uwezao kufyeka banda zima kwa siku chache. Dhidi yake ipo chanjo ya I-2 inayostahimili joto: tone moja jichoni, kila baada ya miezi 3. Kichupa kimoja huchanja kuku wengi. Basi makao na majirani wachanje kwa pamoja.

Hapa ndipo watumishi wa serikali na walimu wanapohitajika. Bwana mifugo asingoje kuitwa kuhesabu mizoga. Mwalimu naye asaidie kuweka daftari la mayai, vifaranga na mauzo, lisomwe mbele ya wote. Tangu 1967 Elimu ya Kujitegemea ilitufunza kuwa kazi ni sehemu ya elimu. Kulisha kuku alfajiri ni elimu. Kumkosesha mtoto darasa kwa ajili ya banda ni unyonyaji. Tena yai la kwanza liwe la mtoto, la ziada ndilo liende sokoni.

Kuku kumi hawatalipa kila gharama. Watanunua chumvi, sabuni na madaftari, na watoto watajua kwamba mikono yao nayo huleta riziki.