Mgeni wa lugha apewe jembe mapema

WAHENGA walinena kuwa mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa kijana anayekwenda Uhispania kujifunza Kihispania huku akiishi nyumbani kwa wenyeji, hizo siku mbili ni nyingi. Jembe alishike siku ile ile anayofika.

Nasema hivyo kwa kuwa wazazi wengi hudhani kwamba wakishalipa karo, nauli na pesa za malazi, lugha itamwingia mtoto yenyewe kama baridi. Haiingii hivyo. Kijana anaweza kukaa miezi mitatu katika nyumba ya watu, kisha arudi Nairobi na picha nyingi kuliko maneno.

Tuchukue mji wa Salamanca, ulio kilomita zipatazo 200 kaskazini-magharibi mwa Madrid. Chuo kikuu chake kilianzishwa mwaka wa 1218, na ni katika mji huo ambapo sarufi ya Kihispania iliyotungwa na Antonio de Nebrija ilichapishwa mwaka wa 1492. Wanafunzi wa kigeni humiminika huko kutafuta lugha, na shule huwatafutia familia za kukaa nazo. Mgeni hupewa chumba, ufunguo na chakula kwa mapatano.

Asubuhi huenda darasani. Lakini darasa lingine liko mezani. Huko chakula cha mchana huliwa mwendo wa saa nane au saa tisa, na cha usiku saa tatu au hata saa nne. Sahani zikishaondolewa, watu hawainuki. Hubaki wakizungumza juu ya siasa, mpira, bei za vitu na vituko vya jirani wa ghorofa ya juu. Desturi hiyo ina jina lake, sobremesa. Kijana anayesema asante na kukimbilia chumbani na simu yake amelikimbia somo ambalo mzazi wake amelilipia.

Sisi wenye Kiswahili tuna bahati ambayo Mwingereza hana. Vokali za Kihispania ni tano, zile zile zetu. Herufi yao ñ ni ny ya nyanya, na j hukaribia kh ya kheri. Meza yetu ni mesa yao, na bendera ni bandera, kwani maneno hayo tuliyapata kwa Wareno, ambao lugha yao ni ndugu ya Kihispania.

Kinachotuponza ni Kiingereza. Msichana anayetaka kusema ameona haya, akilichukua neno la Kiingereza na kulitia mkia, atatamka embarazada, na mama mwenye nyumba ataelewa kwamba binti wa watu ni mja mzito! Na ukiambiwa kuwa uko constipado, usikasirike. Umeambiwa tu una mafua.

Jambo jingine ni heshima. Mtoto wetu amefunzwa kumwita mwanamke wa makamo mama, si kumtaja kwa jina. Huko huenda mama huyo akamtaka amwite kwa jina lake na kumwambia tú, yaani wewe ya watu waliozoeana, badala ya usted ya heshima. Ulimi utakuwa mzito, lakini amfuate mwenyeji. Heshima yake aionyeshe kwa kutandika kitanda, kuosha vyombo na kusema mapema akichelewa kurudi.

Asiyekula nguruwe naye aliandike hilo katika fomu ya shule kabla ya kusafiri. Nyama hiyo iko kila mahali Uhispania, na ni vigumu kukataa sahani ambayo mtu ameipika tangu asubuhi.

Tena, uliza kama nyumba hiyo ina wanafunzi wengine. Wakiwa wanne wa Kiingereza chini ya paa moja, Kihispania kitabaki jikoni. Na kijana akiona nyumba haina mazungumzo, aieleze shule katika juma la kwanza, ahamishwe. Asinyamaze hadi kozi iishe.

Sasa neno kwa wazazi. Zamani barua ilichukua majuma kadhaa, na mtoto hakuwa na budi kuwazoea waliokuwa karibu naye. Leo tunampigia kila usiku, tukamwona uso, tukamuuliza amekula nini, na saa ile ile wenzake wako mezani wanacheka kwa lugha aliyoifuata. Mapenzi hayo yanamnyima kile tulichouzia ng'ombe. Mpigie Jumapili. Siku nyingine, akikukumbuka sana, na aende jikoni amsaidie mama wa nyumba kumenya viazi. Maneno ya viazi, kisu na chumvi hatayasahau kamwe.