Jirani Yetu Mhindu Anapoingia Nyumba Mpya



Katika majumba ya ghorofa ya Upanga, Dar es Salaam, Waislamu na Wahindu wamepakana ukuta kwa ukuta kwa miaka mingi. Hutokea siku mlango wa jirani ukapambwa kamba ya majani ya mwembe na maua ya manjano, nasi tukaletewa mwaliko kuwa anaingia nyumba mpya. Familia nyingi za Kiislamu huujibu mwaliko huo kwa uongo: tuna safari, mtoto anaumwa. Nasi tunakiri kwamba tuliwahi kuwa miongoni mwao. Mtoto wa jirani aligonga mlango akiwa na sahani mkononi, nasi tukazima taa na kunyamaza mpaka akaondoka.

Siku hiyo wenyewe huiita Griha Pravesh, yaani kuingia nyumbani. Haichaguliwi ovyo. Kuhani huangalia kalenda yao ya nyota, na ipo miezi, kama ule wa Paush, ambayo wengi wao hawahamii nyumba mpya. Kizingiti huvukwa kwa mguu wa kulia, jambo ambalo watoto wetu wakilisikia hushangaa, maana nao wamefundishwa kutanguliza kulia. Huingizwa chombo cha shaba kilichojaa maji, mdomoni kimepangwa majani ya mwembe na juu yake nazi. Huombwa Ganesha, ambaye kwao ndiye mwondoa vikwazo, kisha huwashwa moto ukatiwa samli huku maneno ya Kisanskriti yakisomwa. Wenye asili ya kusini mwa India huchemsha maziwa mpaka yafurike, iwe ishara ya neema kujaa ndani ya nyumba.

Mapokeo yao yanataja kuingia kwa namna tatu: nyumba mpya kabisa, nyumba iliyoachwa muda mrefu, na nyumba iliyojengwa upya baada ya maafa. Hii ya tatu inatugusa. Wahindu wengi wa Afrika Mashariki asili yao ni Gujarat, wakiwemo watu wa Kutch, na huko huko ndiko walikotoka Waislamu wengi wenye asili ya Kihindi. Tetemeko la ardhi la tarehe 26 Januari 2001 lilibomoa nyumba za Kutch bila ya kuuliza dini ya mtu. Aliyefukua jamaa zake kwenye kifusi, kisha akajaaliwa kusimama mbele ya mlango mpya, hatuoni la kumcheka.

Wapo watakaosema kuwa hayo ni ushirikina. Kwa itikadi yetu, kumuomba asiyekuwa Allah (S.W.) ni shirki, wala hatulilainishi neno hilo. Lakini ni nani katika watu wa Pwani asiyejua zindiko la nyumba? Fingo huzikwa chini ya kizingiti, hirizi hupachikwa juu ya mlango, damu ya mnyama humwagwa kiwanjani kabla ya msingi kuchimbwa, na mwenye nyumba ni mtu wa safu ya mbele msikitini! Mhindu hufanya anayoyaamini, mchana, mlango ukiwa wazi. Sisi haya yetu huyafanya usiku.

Je, twende au tusiende? Rai yetu ni kwamba ibada tuwaachie wenyewe. Hatuketi mbele ya moto ule, wala hatupokei prasad, chakula kilichokwisha kutolewa kwa miungu yao. Jirani aelezwe hivyo kwa upole, naye ataelewa upesi kuliko tunavyodhani, kwani yeye pia ana vyakula asivyovigusa. Lakini baada ya ibada kuna karamu, aghalabu isiyo na nyama, na kuna kumpa mkono mtu tutakayeishi naye ukuta kwa ukuta. Haki ya jirani katika Uislamu haikuwekwa kwa jirani Muislamu peke yake. Tukichukua zawadi, matunda yanatosha.

Mwezi huu tumepata mwaliko mwingine, kutoka ghorofa ya tatu. Tumejibu kuwa tutafika saa saba mchana, moto ukishazimwa, na sababu yake tumeisema. Mzee yule alicheka, akasema mkewe atatutengea chakula moja kwa moja kutoka jikoni.