Tuitoe sukari sufuriani, tuiweke mezani

Ushauri anaopewa Mkenya kuhusu sukari ni ule ule mmoja: acha. Daktari anausema, redio inausema, siku hizi hata mimbari inausema. Si ushauri mbaya, ila unamwendea asiyeshika kijiko. Katika nyumba nyingi za Meru na Embu, na katika baadhi ya vibanda vinavyolizunguka soko la Gakoromone, chai hutiwa sukari ingali jikoni, ikachemka pamoja na maziwa na majani, kisha ikamiminwa kwenye thamosi. Mtoto, mgonjwa, mpakiaji wa ndizi na mzee wa miaka themanini wote wanakunywa utamu mmoja uliokadiriwa na mkono mmoja. Anayetaka kupunguza hana cha kupunguza: ama anywe, ama akikatae kikombe, na kukataa kikombe mbele ya mwenyeji ni jambo zito. Ndiyo maana naona vita hivi vinapiganwa uwanja usio wake. Badala ya kumhimiza mnywaji aache, tumwombe mpishi asitie.

Hesabu yenyewe haihitaji mtaalamu. Kijiko cha chai kilichosawazishwa hubeba gramu 4 hivi za sukari. Anayekunywa vikombe viwili kwa siku, vijiko vitatu kila kimoja, amekula gramu 24. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari inayoongezwa kwenye vyakula na vinywaji, pamoja na ile ya asali na ya maji ya matunda, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani gramu 50 hivi kwa mtu mzima. Likaongeza kuwa kushuka chini ya asilimia 5, karibu gramu 25, kungeleta faida zaidi. Kwa hiyo vikombe viwili vya kawaida vimekwisha kula kiwango hicho bora kabla mtu hajagusa mandazi, mkate au soda, ambayo chupa yake ya mililita 300 huwa na gramu 30 hivi. Na hicho ni kijiko kilichosawazishwa. Cha kilele ni habari nyingine. Huku Meru kuna mlango wa pili wa sukari. Miraa ni chungu, na watafunaji wengi huituliza kwa soda na chingamu ya Big G, hivyo kikao kirefu cha miraa ni kikao kirefu cha sukari pia, ingawa katika mabishano yote juu ya zao hilo jambo hili halitajwi sana.

Sukari haimpi mtu kisukari jinsi mbu anavyompa malaria. Uzito, urithi, umri na kukaa bila kuuchosha mwili vyote vina sehemu yake, na kisukari cha aina ya kwanza hakina uhusiano na chai ya mtu. Lakini sukari ya kunywa huingia bila kushibisha, uzito ukapanda polepole, na uzito ndio unaofungua njia ya kisukari cha aina ya pili na shinikizo la damu. Utafiti wa kitaifa wa STEPwise wa mwaka 2015 ulikuta asilimia 27 ya Wakenya watu wazima wana uzito uliopita kiasi. Kwa wanawake ilikuwa asilimia 38.5.

Kwa nini basi nasema tuanze na sufuria badala ya nia ya mtu? Ushahidi mzuri kabisa ninaoujua unatoka Uingereza. Huko sukari ilikuwa ya mgao tangu enzi za Vita vya Pili vya Dunia hadi Septemba 1953. Mgao ulipoondolewa, ulaji wa sukari wa mtu mzima ulipanda kutoka gramu 40 hivi kwa siku hadi karibu gramu 80. Waingereza hawakuamka siku hiyo wakiwa na tamaa mpya. Kilichobadilika ni kilichowekwa mbele yao. Mwaka 2024 jarida la Science lilichapisha uchunguzi wa watu waliotungwa mimba na kuzaliwa kabla na baada ya tarehe hiyo. Waliopitia tumboni na utotoni wakati wa mgao walipungukiwa na hatari ya kisukari cha aina ya pili kwa asilimia 35 hivi, na ya shinikizo la damu kwa asilimia 20 hivi, miongo kadhaa baadaye. Hakuna mtoto kati yao aliyejinyima chochote. Jikoni ndiko kulikoamua. Mama mjamzito wa Kaaga au Runyenjes anayekunywa chai ya thamosi, na mtoto wake anayeanza kulishwa uji uliokolezwa sukari, wako katika miezi ile ile ya tumboni na utotoni.

Pingamizi la kwanza nalijua: mgeni akipewa chai isiyo na sukari ataona amedharauliwa. Lakini sisemi sukari ifichwe. Iwekwe mezani, kwenye bakuli lenye kijiko, mgeni ajitilie atakavyo. Kumwachia achague ni heshima kubwa kuliko kumkadiria. Wala tusidai kwamba tunavunja mila ya mababu. Wakulima wadogo wa milima hii walianza kupanda chai miaka ya 1950 na kuendelea, na KTDA, mamlaka ya chai ya wakulima wadogo, ilianzishwa mwaka 1964. Leo majani yanayopelekwa viwanda vya Githongo, Kionyo, Imenti na Michimikuru, na vya Mungania na Rukuriri upande wa Embu, huuzwa mnadani Mombasa kwa wanunuzi wanaolipia ladha yake. Mkulima aliyeyachuma ndiye huenda hajawahi kuionja ladha hiyo peke yake, kwa kuwa imezamishwa na sukari.

Watasema pia kuwa chai isiyo tamu hainyweki. Mwaka 2019 watafiti wa vyuo vikuu vya UCL na Leeds walitoa matokeo ya jaribio dogo la wanaume 64 waliozoea chai yenye sukari. Wengine waliipunguza kidogo kidogo kwa mwezi mmoja, wengine wakaiacha mara moja, wengine hawakubadilisha kitu. Mwishoni, asilimia 42 ya waliopunguza polepole na asilimia 36 ya walioacha ghafla walikuwa wameachana na sukari kwenye chai, na furaha yao ya kunywa chai haikupungua. Ni jaribio dogo, sitalipa uzito lisiloubeba, lakini linatosha kuonyesha kwamba ulimi hufundishika.

Pingamizi zito zaidi ni la tumbo. Msukuma mkokoteni pale Gakoromone anahitaji nguvu, na chai tamu ni nguvu ya bei rahisi. Hapa lazima tukiri kwamba sukari ni nishati kweli: kila gramu ina kalori 4. Tatizo ni kwamba haina kingine. Ukimpa msukuma mkokoteni nduma au viazi vitamu vilivyochemshwa, anapata nishati hiyo hiyo pamoja na nyuzinyuzi na madini, na tumbo linakaa muda mrefu kabla ya kudai tena. Tena urahisi wenyewe una walakini. Familia ya watu watano wanaokunywa vile vikombe viwili vya vijiko vitatu humaliza gramu 120 kwa siku, karibu kilo tatu na nusu kwa mwezi. Sukari ikiwa shilingi 150 kwa kilo, hizo ni zaidi ya shilingi 500. Na mwaka 2023 kilo moja ilipita shilingi 200. Fedha hizo haziishii kwa mkulima wa Imenti wala wa Mbeere. Sukari ya dukani inatoka hasa magharibi mwa nchi au inaagizwa kutoka nje, ilhali nduma, ndizi, maharagwe na maembe ya sokoni ni ya jirani.

Na mkulima wa miwa wa Kakamega na Kisumu je? Nchi inatumia takriban tani milioni moja kwa mwaka na kwa miaka mingi imekuwa ikiagiza sehemu ya sukari hiyo. Tukipunguza, kinachopaswa kupungua kwanza ni meli, si mashamba. Kuhusu wale wanaohamia asali wakidhani wamehama, asali imo katika hesabu ile ile ya gramu 50. Tunda zima halimo, kwa hiyo ndizi ya Gakoromone iachwe ilivyo.

Jambo hili halihitaji sheria mpya ya Nairobi. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeipa kaunti kazi mbili zinazohusika moja kwa moja: kutoa leseni kwa wanaouza chakula kwa umma, na kusimamia elimu ya chekechea. Kaunti za Meru na Embu zinaweza kuweka sharti moja kwenye leseni ya kibanda, kwamba chai ipikwe bila sukari na sukari iwe mezani. Mwenye kibanda hapati hasara. Pengine ataokoa kilo kadhaa kwa mwezi. Zinaweza pia kuagiza kwamba popote uji unapotolewa katika madarasa ya chekechea, upikwe wa wimbi au mtama bila kukolezwa, utiwe ndizi mbivu iliyopondwa ikibidi. Wawakilishi wa wadi waanze na vibanda vya Gakoromone, na wewe mwenye sufuria nyumbani usiwangoje: kesho asubuhi acha kuitia, weka bakuli mezani, kila mtu ajipimie chake.