Kabla ya Kumpa Kazi Fundi wa Tovuti



Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqarah, yahusu kuandikiana deni. Hata hivyo twamkabidhi fundi wa tovuti fedha za kikundi kwa maneno ya mdomo, ati kwa kuwa ni kijana wa jirani.

Tuseme akina mama waanikao omena (dagaa, kwetu sisi) huko Sori, kwenye ghuba ya Karungu, wataka kujulikana na wanunuzi wa Mombasa. Neno la kwanza si bei wala rangi, ni jina la tovuti. Majina yaishiayo na .ke husimamiwa na KENIC, nayo hulipiwa kwa muda, hayanunuliwi milele. Likiandikishwa kwa jina la fundi, mwenyewe ni yeye. Siku mkikosana, au akihama na kubadilisha nambari ya simu, wateja watabisha mlango usio wenu. Liandikishwe kwa jina la kikundi na barua pepe ya kikundi, na nywila ziwe kwa wanachama wawili waaminifu.

Kisha ulizeni ada ya kila mwaka, na ni nani atakayebadilisha bei uvuvi wa omena unapofungwa. Malipo yawe kwa hatua, ya mwisho baada ya kukabidhiwa nywila zote. Picha za watoto zisitiwe bila idhini ya mzazi; Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 yataka hivyo.

Fundi akikataa kutia sahihi, mtafuteni mwengine kabla hamjatoa hata shilingi.