Marubani wajifunze, lakini si juu ya darasa

Wadau, jana kimbwetani tulibishana mpaka basi. Jamaa mmoja wa darasani kwetu akasema eti marubani wa jeshi lazima wajifunze, ajali ni ajali tu. Nilinyamaza kwa hasira. Leo namjibu.

Tarehe 21 Julai 2025, saa saba mchana na dakika kadhaa, ndege ya kivita F-7 BGI ya Jeshi la Anga la Bangladesh ikiwa mafunzoni iliangukia shule ya Milestone, eneo la Uttara, Dhaka. Rubani alikufa. Jumla waliokufa walizidi 30, wengi wao watoto.

Haya, tuangalie. F-7 imetokana na MiG-21, ndege ya Wasovieti iliyobuniwa miaka ya 1950. China iliacha kuitengeneza mwaka 2013. Halafu unamrusha mwanafunzi peke yake karibu na jiji lililobanana kuliko Kariakoo mkesha wa Idi!

Tume ya uchunguzi ilitoa ripoti Novemba 2025: kosa la rubani. Sawa. Lakini tume hiyohiyo ikapendekeza mafunzo ya awali yahamishiwe nje ya Dhaka. Kama tatizo ni rubani tu, kuhama kwa nini? Jamani, anayejifunza lazima akosee. Hata sisi tukienda tipii tunakosea ubaoni, tunafuta, tunaendelea. Ndiyo maana mtu mwenye akili huchagua mahali pa kujifunzia ambapo kosa haliui watoto wa watu.

Kinachoniuma zaidi ni mwalimu Maherin Chowdhury. Aliwatoa motoni watoto wasiopungua 20, naye akafa kwa kuungua. Wanamwita shujaa, na ni shujaa kweli. Ila mimi nasomea ualimu, na sijaona kozi ya kupambana na moto wa mafuta ya jeti. Sifa za marehemu zisigeuzwe pazia la kumficha aliyepanga ratiba ya ndege.

Kesho yake wanafunzi wa Dhaka waliingia barabarani. Walidai majina kamili ya waliokufa, fidia, na ndege zilizopitwa na wakati ziondolewe mafunzoni. Baadhi yao wakaambulia mabomu ya machozi. Kudai hesabu ya wenzako waliokufa nako kumekuwa kosa?

Kwa hiyo wewe jamaa yangu, "ajali ni ajali" kaiseme mbele ya mzazi wa pale Uttara. Ukishindwa, rudi kimbwetani tuendelee.