Anayeokota Historia Alipwe

Julai 2009, Terry Herbert alikuwa akipita na kifaa cha kutafutia metali katika shamba la mtu huko Staffordshire, Uingereza. Akakuta dhahabu na fedha za Waanglo-Saksoni: vipande zaidi ya 4,000, vingi vikiwa mapambo ya panga. Hakuwa msomi wa chuo kikuu. Alitoa taarifa, wataalamu wakaja kufukua, hazina ikathaminiwa pauni milioni 3.285, na pesa hizo wakagawana yeye na mwenye shamba. Hazina yenyewe leo inatazamwa na watu wote katika makumbusho ya Birmingham na Stoke-on-Trent.

Mimi ni mwalimu wa historia hapa Mitwaba, Katanga, nchini Kongo, na habari za Waanglo-Saksoni na Waviking nazipenda sana. Merikebu zao na vita vyao vinanivutia, lakini kinachonikaa moyoni ni sheria ya Waingereza wa leo: mtu wa kawaida akiokota kitu cha kale akakitangaza, analipwa na jina lake linaandikwa. Katanga inahitaji utaratibu huo, na inauhitaji kuliko Uingereza, kwa sababu hapa ardhi inachimbwa kila siku.

Vijana wetu wanatafuta kasiteriti, madini ya bati, kwa sepetu na nyundo kuanzia alfajiri. Na ardhi hiyo ina historia: magharibi yetu, ukishuka milima, liko bonde la Upemba. Kule Sanga, kando ya ziwa Kisale, wataalamu Jacques Nenquin na Jean Hiernaux walifukua makaburi ya kale mwaka 1957 na 1958, na Pierre de Maret akaendeleza kazi hiyo miaka ya 1970. Waliyoyakuta yanatakiwa kujulikana na kila mtoto wa nchi hii. Katika karne ya 8, ile ile ambayo Waviking walivamia kisiwa cha Lindisfarne huko Uingereza mwaka 793, mababu wa bonde hili walikuwa tayari wanafua chuma na kuvaa shaba. Karne zilizofuata walizika wafu wao na vyungu vya ufundi mkubwa, na katika baadhi ya makaburi mna kauri zilizotoka Bahari ya Hindi.

Tena mna misalaba ya shaba, ile iliyowekwa kwenye bendera ya Katanga mwaka 1960. Katika makaburi ya zamani zaidi misalaba ni mikubwa na michache, imelazwa kifuani pa watu wenye mali. Katika yale ya baadaye ni midogo, mingi, na iko karibu na mikono au kiuno. Kwa kuangalia ukubwa wake na mahali ilipolala, wataalamu walitambua kwamba kitu cha heshima kiligeuka polepole kuwa pesa. Ukiung'oa msalaba bila kuandika ulilala wapi, habari hiyo imekufa.

Nimeiona ikifa. Kiangazi kilichopita kijana niliyewahi kumfundisha alinijia na msalaba wa shaba uliojaa kiganja chake. Mikono yake minne ilikuwa imeliwa na kutu ya kijani, na upande mmoja ulikuwa na mgongo uliotuna. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa ameshaupima pamoja na nyaya za umeme.

"Ulikuwa peke yake?" nikamuuliza.

"Hapana, Mwalimu. Kulikuwa na vyungu. Tulivivunja, hatukujua."

Sheria tunazo. Iko ya mwaka 1971 ya kulinda mali ya utamaduni, na sheria ya migodi ya mwaka 2002 inamtaka mwenye hati ya mgodi atoe taarifa akikuta vitu vya kale. Lakini kijana yule hana hati yoyote, na sheria hizo zimeandikwa kwa Kifaransa cha mawakili. Anachojua ni kwamba akisema, shimo litafungwa na watoto watalala njaa. Akinyamaza, anapata pesa ya bukari jioni hiyo hiyo. Nani atamlaumu?

Wako watakaosema kwamba malipo yatawafanya watu wafukue makaburi. Waingereza nao waliogopa hivyo, ndiyo maana malipo yao yanakwenda na adhabu. Mwaka 2015 watu wawili walifukua hazina ya Waviking huko Herefordshire wakaificha. Mwaka 2019 wakafungwa jela. Katika sarafu zinazokadiriwa kuwa 300, hadi wakati huo zilikuwa zimepatikana kama 30 tu, na hizo chache zilionyesha kwamba wafalme wawili wa Waanglo-Saksoni, Alfred na Ceolwulf, huyu wa pili ambaye waandishi wa kale walimdharau, walikuwa washirika. Zilizopotea zingesema nini zaidi?

Kwa hiyo ninapendekeza hivi. Kila penye machimbo, mwalimu mmoja awe na daftari na simu yenye kamera, aandike mahali, kina na vilivyokuwa kando. Aliyeokota alipwe siku hiyo hiyo, zaidi ya bei ya chakavu. Pesa zitoke katika asilimia 15 ya mrabaha wa madini ambayo sheria inazipa tawala za chini. Yakionekana mifupa, chimbo lisimame kwanza na chifu aitwe, kwa sababu wale ni wazee wetu. Vitu viende kwenye Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi, na jina la mchimbaji liandikwe kando yake. Anayeficha na kuuza kwa magendo ashitakiwe, na mnunuzi wake pia.

Wabunge wa jimbo wana uwezo wa kuanzisha mjadala huu kikao kijacho. Shuleni kwetu daftari limeshafunguliwa. Pesa ya kulipa hatuna, ila jina la atakayekuja tutaliandika, tarehe tutaiandika, na shimo lake tutalipima pamoja naye.